Kwa Air Camper hadi Brodhead, kwa mwendo wake

Jumatano, Preston, Minnesota

Leo nimeshinda na mizani. Ndege tupu ina kilo 295, na fundi aliyeiunda aliiwekea uzito wa juu wa kilo 490. Ukinitoa mimi, ukatoa na tangi la mafuta likiwa limejaa, kinachobaki kinamtosha mtu mmoja mwembamba au mzigo wa kambi, si vyote viwili. Kwa hiyo hema, godoro, sufuria na chapati za dada yangu vinakwenda kwa barabara na mumewe. Shemeji anatoka Rochester kesho na binti yao, kunipokea Brodhead, Wisconsin, ambako wenye ndege kama hii hukutana kila Julai, wikendi inayotangulia maonyesho makubwa ya ndege ya Oshkosh. Mimi nimefunga kwenye kiti cha mbele mkoba wa zana, oili, kamba, vizuizi vya magurudumu na koti la mvua. Basi.

Ndege yenyewe ni Pietenpol Air Camper. Bawa moja limekaa juu ya vichwa, viti viwili vya wazi vimefuatana, gurudumu dogo liko mkiani, na mwili ni wa mbao za sprusi zilizovikwa kitambaa. Bernard Pietenpol aliibuni Cherry Grove, kijiji cha wilaya hii hii ya Fillmore, karibu kabisa na hanga langu. Hakusomea uhandisi; riziki yake baadaye ilikuwa kutengeneza redio na televisheni. Mwaka 1929 aliirusha kwa injini ya gari, Ford Model A, yenye nguvu za farasi 40. Mhariri wa jarida la Modern Mechanics alikuwa akishikilia kwamba injini ya gari haifai angani, basi mwaka uliofuata Pietenpol na rafiki yake wakampelekea ndege mbili hadi nje ya Minneapolis akazione kwa macho yake. Jarida likaishia kuchapisha michoro, na hadi leo watu wanaziunda magerejini na vyumbani chini ya nyumba zao.

Yangu iliundwa na seremala mmoja mstaafu, akaipa injini ya ndege ya Continental ya farasi 65 badala ya Ford. Akairuka hadi magoti yalipokataa kumpandisha kitini. Kwa kuwa niliinunua tu, sheria hainipi haki ya kusaini ukaguzi wake wa kila mwaka; lazima asaini fundi mwenye leseni.

Kuhusu kurudi kwangu kwenye urubani, watu wa nyumbani huuliza kama nilianza upya. Hapana. Leseni ya rubani ya Marekani haina tarehe ya kufa. Kinachokufa ni ruhusa ya kuitumia. Niliipata nikiwa kijana, kwenye Cessna 152, kisha wakaja watoto, zamu za usiku hospitalini na kodi ya nyumba, na pesa ya kukodi ndege ikapata kazi nyingine kwa zaidi ya miaka kumi. Kinachotakiwa ni kukaa na mkufunzi angalau saa moja chini na saa moja angani, kisha yeye asaini kitabu chako, na hilo hurudiwa kila miezi 24. Kwa ndege nyepesi za watu wawili, tangu 2004 leseni ya udereva imekuwa ikikubalika badala ya cheti cha daktari, mradi ulipoomba cheti mara ya mwisho hukukataliwa. Sheria hiyo ndiyo iliyotufungulia mlango wengi wa umri wangu.

Kazi kubwa ilikuwa kwenye miguu. Ndege ya gurudumu la mkiani ina uzito wake nyuma ya magurudumu makuu, kwa hiyo mkia ukianza kwenda kando wakati wa kutua, unataka kuendelea hadi uwe mbele. Pedali hazipumziki mpaka propela isimame. Halafu Air Camper ni nyepesi, tena ina waya, nguzo na magurudumu yanayopigana na hewa. Ukifunga gesi inashuka kama ndoo kisimani, na usiposhusha pua mapema mwendo unayeyuka ukiwa bado juu ya nyasi. Mkufunzi, aliyekaa kiti cha mbele na kunizibia hata kile kidogo nilichokuwa nikikiona, alikuwa na neno moja tu la kunipigia kelele: pua, pua, pua!

Wanaodhani ndege ya polepole ni ya wavivu hawajaiendesha.

Alhamisi, Preston hadi Boscobel

Saa kumi na mbili asubuhi umande ulikuwa umelowesha viatu. Ndege haina betri wala stata. Unafunga mkia kwa kamba, unaweka vizuizi, unahakikisha swichi za magneto, vifaa vinavyotoa umeme wa cheche za injini, zimezimwa, unazungusha propela pole pole ili injini ivute mafuta, kisha unawasha swichi na kurudi mbele. Hapo unasimama imara, unaisukuma propela chini kwa viganja bila kuikumbatia kwa vidole, na mwili wako unarudi nyuma kwa mwendo huo huo. Nidhamu yake ni moja: propela huchukuliwa kuwa hai siku zote, hata swichi zikiwa zimezimwa.

Ikaitika mapema. Nikaiendesha kwa magurudumu hadi mwisho wa barabara ya kurukia kwa kukata kushoto na kulia, maana pua huziba njia yote ya mbele ndege ikiwa chini, na nikapaa.

Njia fupi ya kwenda Boscobel ni mstari ulionyooka kuelekea kusini-mashariki. Sikuitaka. Nilifuata Mto Root kuelekea mashariki. Eneo hili la Minnesota na Wisconsin lilirukwa na barafu ya kale iliyosawazisha majimbo ya jirani, kwa hiyo badala ya tambarare kuna mabonde membamba, magenge ya mawe ya chokaa, na mashamba ya mahindi yaliyopinda kufuata mgongo wa kila kilima. Kwa kilomita 110 kwa saa unaona kila ghala, kila ng'ombe, na mwanamke aliyetoka kuanika nguo akatazama juu. Sehemu za kutua kwa dharura lakini ni chache. Mashamba mazuri yako juu ya migongo. Chini mabondeni ni miti na maji. Muda wote jicho linachagua shamba, na kabla hujaliacha la kwanza uwe umeshalipata la pili.

Mto Root unaingia Mississippi kusini mwa La Crosse. Uwanja wa La Crosse una mnara na anga yake inahitaji ruhusa. Nina redio ya mkononi, ila sikuwa na shida nao, nikapita nje ya mpaka wao. Hapa nilipanda. Sehemu hii ya mto, pamoja na visiwa na vinamasi vyake, ni hifadhi ya ndege wa porini na samaki iliyoanzishwa 1924, urefu wake kilomita 420 hivi, na marubani wanaombwa wakae futi 2,000 juu ya ardhi ya hifadhi. Ni ombi, si amri. Lakini nilipoona mwari weupe wakizunguka chini yangu kwa mbawa zilizotulia, niliona ombi hilo linatusaidia sisi pia. Ndege wa uzito ule akipiga propela ya mbao, hasara ni ya wote wawili.

Kusini, kupita bwawa la Genoa na la Lynxville, matishari yalikuwa yakisukumwa kumi na zaidi kwa pamoja na meli moja ndogo, na treni ya mizigo ikaniambaa upande wa Wisconsin. Tulikwenda sambamba kwa muda mrefu kiasi cha kumfanya dereva wake apige honi. Nadhani alipiga. Nilichoona ni mkono wake tu. Upande wa Iowa, juu ya magenge karibu na Prairie du Chien, kuna vilima vya udongo ambavyo wenyeji wa kale waliviumba kwa sura za dubu na ndege, na ambavyo tangu 1949 ni urithi unaolindwa na serikali kuu. Vingi vimefunikwa na msitu.

Mto Wisconsin unapoingia Mississippi, nikageuka kushoto na kuufuata juu. Hewa hapo ilikuwa nzito kwa unyevu, ya ubaridi wa asubuhi, na kipima mizunguko kikaanza kushuka chenyewe bila mkono wangu: 2,150, 2,100, 2,050. Hii ni barafu ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Mafuta yakigeuka mvuke na hewa ikipita penye wembamba, joto la mle ndani linaanguka chini ya sifuri hata nje kukiwa na nyuzi 20. Nikavuta kitasa cha joto, kinachopeleka hewa moto kwenye kabureta. Injini ikakohoa, mizunguko ikashuka zaidi wakati maji yaliyoyeyuka yakipita ndani yake, na hapo ndipo moyo hushauri urudishe kitasa. Hairudishwi. Baada ya muda ambao saa haiwezi kuupima kwa haki, ikanguruma sawasawa na kupanda. Tangu hapo nilivuta joto kila baada ya dakika chache hadi Boscobel.

Nilitua kabla ya saa nne. Utabiri ulisema radi alasiri, na mchana wa Julai mikondo ya hewa moto inakupandisha na kukuangusha bila kukuuliza. Mzee mmoja pale uwanjani akanipa lifti hadi mjini. Hoteli ya mawe iliyoko pale ndiyo ambamo mwaka 1898 wachuuzi wawili wa kusafiri, John Nicholson na Samuel Hill, walilazimika kulala chumba kimoja kwa kukosa nafasi, wakasali pamoja, na wazo la Wagideoni likazaliwa. Mimi Agano Jipya langu la kwanza, kile kitabu kidogo cha mfukoni, niligawiwa shule ya msingi na watu wa jina hilo, Kenya. Nilisimama mbele ya jengo lile kwa muda. Kisha mvua ikaja na nikakimbilia ndege yangu kuhakikisha kamba.

Shemeji akapiga simu jioni.

"Shemeji, umefika wapi?"

"Boscobel."

"Mimi niko Brodhead tangu saa nane. Hema limesimama, chai imepoa. Hiyo ndege yako ina gia ngapi?"

Ijumaa, Boscobel hadi Brodhead

Ukungu. Bonde la mto lilijaa hadi ukingoni, na mtu wa uwanjani akaniambia ukipanda gari hadi juu ya mgongo utakuta jua kali. Nilimwamini bila kwenda kuona. Kungoja ni sehemu ya safari hizi, na huwezi kuwa rubani wa ndege hii ikiwa kuna mtu ulimwahidi saa.

Saa tatu na nusu ukungu ukapasuka. Njia ya leo ni kusini-mashariki, kilomita kama 120, bila mto wa kufuata. Ramani ya karatasi kwenye goti, dira, na kidole kinachohama kijiji hadi kijiji. Simu ninayo mfukoni na ina ramani bora kuliko zote, lakini katika kiti cha wazi mikono miwili imeshakuwa michache.

Monroe ulijulisha ujio wake kwa viwanda vya jibini. Hapa walihamia Waswisi, na jibini la Limburger, lile ambalo harufu yake ni mbaya kuliko ladha yake, kwa Marekani nzima linatengenezwa wilaya hii tu. Kwa mtengeneza ndege maziwa yana habari nyingine. Ndege za mbao za zamani ziliunganishwa kwa gundi ya kaseini, iliyotokana na maziwa. Ilishika vizuri lakini ukungu na kuvu viliipenda. Siku hizi ni epoksi.

Brodhead ni uwanja wa nyasi. Nilizunguka mara moja kuangalia soksi ya upepo na msururu wa walio mbele yangu, nikafunga gesi mapema, nikashusha pua (mkufunzi yumo kichwani hata asipokuwemo kitini), na magurudumu yakagusa bila kelele. Nyasi zina huruma ambayo lami haina. Shemeji alikuwa ukingoni akinipigia makofi ya dhihaka. Mpwa wangu alikuwa ameshika simu, anarekodi.

Jumamosi, Brodhead

Kama kuna siku moja ya kuandika kwa urefu, ni hii.

Air Camper zote zimetoka kwenye michoro ileile, na hakuna mbili zinazofanana. Ile yenye injini ya Ford unaijua kwa rejeta iliyosimama wima juu ya pua, mbele ya macho ya abiria. Nyingine zina injini ya Chevrolet Corvair, ambayo Pietenpol mwenyewe aliigeukia miaka ya 1960. Wapo walioongeza urefu wa mwili, wapo walioweka mlango mdogo kiti cha mbele, wapo walioshona ngozi kwenye ukingo wa kiti. Jirani zao ni Hatz, ndege za mbawa mbili ambazo John Hatz wa Merrill, hapa hapa Wisconsin, alirusha ya kwanza 1968. Ford ikiwashwa, watu wanaacha kula. Inazunguka taratibu kuliko Continental, na unaweza karibu kuhesabu mapigo yake.

Mazungumzo yote ni ya mikono. Mtu anakuuliza umbali kati ya kiungo na boriti ya bawa kabla hajakuuliza jina. Nilijifunza zaidi juu ya springi ya gurudumu la mkia kwa nusu saa kuliko nilivyosoma mwaka mzima. Pia petroli: Continental ya farasi 65 iliundwa kwa mafuta dhaifu ya zamani, na mafuta ya ndege ya leo yenye madini ya risasi huchafua plagi zake. Petroli ya gari inaifaa, ila iwe haina ethanoli. Minnesota sheria inataka asilimia 10 ya ethanoli katika petroli ya kawaida, na isiyo nayo inaruhusiwa kwa magari ya kale, boti, ndege na vitu vya aina hiyo. Kwa hiyo natafuta vituo vyake kama wengine wanavyotafuta maegesho.

Weusi hapa tulikuwa wachache mno, na wasemao Kiswahili tulikuwa familia moja. Mzee mmoja alitaka kujua Nairobi kuna ndege gani ndogo. Nikamweleza uwanja wa Wilson, uliopewa jina la Florence Kerr Wilson, mama aliyeanzisha Wilson Airways mwaka uleule wa 1929. Alifurahi kana kwamba nimemletea habari za jamaa yake.

Jioni upepo ulipolegea, swali la abiria likaja.

"Shemeji, mimi nakaa wapi?" aliuliza shemeji, ameshavaa miwani.

"Una kilo ngapi?"

"Mia moja na kitu."

"Kitu gani?"

Akacheka, akajua. Hata ningepunguza mafuta hadi yale ya nusu saa ya akiba tu, hesabu ilikataa. Mpwa wangu ana kilo 52. Kuingia kiti cha mbele ni mazoezi ya viungo: bawa liko juu, nguzo na waya kando, unapitisha mguu mmoja, unakunja kiwiliwili, unavuta mwingine. Akaingia kwa urahisi wa kutuaibisha. Mbele yake kuna kibandiko ambacho sheria inakitaka. Akakisoma kwa sauti, kisha akageuza shingo.

"Mjomba, kinasema ndege hii imetengenezwa na mtu asiye na kiwanda, na haifuati kanuni za usalama za ndege za kawaida."

"Ndiyo. Na sheria inanitaka nikwambie mwenyewe pia, si kibandiko tu. Nimekwambia."

Alifikiri. Akamtazama baba yake. Kisha akafunga mkanda.

Tukiwa wawili, na joto lile, ndege ilipanda kwa kunung'unika. Mahindi yanapumua maji mengi mwezi huu. Hewa yenye joto na unyevu ni nyembamba kwa bawa na kwa injini. Sikugeuka mpaka niwe na urefu wa kutosha juu ya miti. Tuliufuata Mto Sugar, halafu nikageuza pua kuelekea upepo. Hatuna vipaza sauti, kwa hiyo aligeuka na kupiga kelele: "Mjomba, mbona hatuendi?"

Tulikuwa tunaenda. Polepole sana.

Jumapili, Brodhead hadi Prairie du Chien

Upepo wa magharibi, kama huku upepo unavyopenda. Kuja ulinisukuma, kurudi unadai. Juu ulikuwa wa kilomita 35 kwa saa, basi nilikaa chini, kwa urefu unaokubalika, ambako vilima vinaukata kidogo. Hata hivyo, mwendo wangu juu ya ardhi ulikuwa kama kilomita 75. Karibu na Fennimore nilikutana na barabara kuu namba 18, na kwa robo saa nzima nilitazama malori yakinipita. Lori moja la maziwa lilinipita, likasimama kituoni, likanipita tena.

Katika ndege ya haraka upepo wa namna hii unakula dakika chache. Katika hii unakula theluthi ya mafuta. Kwa lita 15 kwa saa na tangi la lita 50, kituo kilichokuwa cha hiari wakati wa kuja kikawa cha lazima. Nikatua Prairie du Chien mikono ikiwa imekufa ganzi kwa kutikiswa.

Hesabu ya pili ilikuwa ya jua. Julai huku linazama kama saa tatu kasoro robo usiku, na ndege isiyo na umeme haina taa, kwa hiyo jua likizama lazima niwe chini. Utabiri ulisema upepo utalegea saa moja jioni. Saa moja ukawa vilevile. Saa moja na nusu ukapungua kidogo, wa kushawishi tu: ningefika Preston na dakika chache mkononi, nikitegemea kwamba hautaongezeka. Nikafunga kamba. Shemeji, aliyekuwa njiani kurudi na hema langu, alikata kona akaniletea godoro na chapati mbili. Hakunitania hata kidogo, jambo lililonishangaza.

Jumatatu, Prairie du Chien hadi Preston

Hewa tulivu, hakuna ukungu juu ya uwanja ingawa mto wenyewe ulikuwa umejifunika. Mstari ulionyooka mara hii. Nilifika mapema ya kutosha kulala kabla ya zamu ya usiku.

Oili imetumika kidogo kuliko nilivyotarajia. Kuna mkwaruzo mdogo wa kitambaa chini ya bawa la kushoto; kiraka kidogo na rangi vitatosha. Springi ya mkia naibadilisha kama nilivyoelekezwa Brodhead. Ukaguzi wa mwaka unaisha Agosti, na fundi ameshajibu ujumbe: anakuja Jumamosi ijayo, na anaomba nifungue vifuniko vyote mwenyewe kabla hajafika, kwa sababu yeye hulipwa kwa saa na ana hakika ningependa kutumia pesa hizo kwa mafuta.